Punda Mzee Akikohoa
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Kibakwe)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya afya ya punda. Baadhi yenu mlipoliona jambo hili katika ajenda mlicheka, nami siwalaumu. Katika vikao vyetu tumezoea kujadili bei ya alizeti, mikopo ya pembejeo na madeni yasiyolipwa. Lakini gunia la mahindi hufikaje ghalani kutoka mashamba ya milimani ambako gari halifiki? Na maji ya kupikia uji wa watoto hutoka kisimani mgongoni mwa nani? Punda hana ukurasa katika daftari la Chama, ila kilo nyingi zilizoandikwa humo alizibeba yeye.

Nitazungumza hasa juu ya punda mmoja, punda jike wangu, ambaye umri wake umepita miaka ishirini. Mwaka jana, mwezi wa Juni, wakati wa kusomba mavuno, punda wa kitongoji chetu walipatwa na mafua. Walitokwa na kamasi, wakakohoa, wengine wakawa na homa. Wale vijana walipona baada ya wiki mbili hivi. Wangu naye alionekana amepona. Alikula, akanyanyua masikio, nami siku hiyo hiyo nikamtwika mzigo. Mahindi yalikuwa bado shambani na mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kazi yao. Mwezi wa Agosti alikuwa bado anakohoa. Alisimama peke yake, kichwa chini, na mbavu zikienda kama mivukuto ya mhunzi. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinishauri nimuuze kabla hajanifia mikononi.

Ndugu wanachama, nilikaribia kumuuza. Naeleza makosa yangu hapa kwa sababu naamini si yangu peke yangu.

Kosa la kwanza nimekwisha kulitaja: nilimrudisha kazini mapema. Ndani ya njia ya hewa ya punda, kama ilivyo ya farasi na ya binadamu, mna utando wenye vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kufagia vumbi na makohozi kuyapeleka juu yatoke. Mafua huviunguza. Homa ikiisha mnyama huonekana mzima, kumbe ufagio wake bado umekatika, nao huhitaji majuma yasiyopungua matatu ili uote upya. Akitwishwa mzigo katika muda huo huvuta vumbi la njiani kwa nguvu, vumbi hubaki ndani, vijidudu vingine hupata makao, na kikohozi cha siku kumi kinakuwa cha miezi. Waganga wa farasi wana kipimo rahisi: kwa kila siku moja ya homa, mpumzishe juma moja. Mnyama aliyekuwa na homa siku nne apumzike majuma manne. Punda wangu nilimpa siku sifuri.

Kosa la pili ni la chupa. Nilichanganya dawa ya kienyeji na maji, nikamwinua kichwa, nikammiminia kinywani. Alikohoa sana, nami nikadhani dawa inafanya kazi. Baadaye mtaalamu wa mifugo alinieleza kwamba mnyama anayekohoa huku kichwa chake kimeinuliwa anaweza kuvuta majimaji yale mapafuni, na nimonia inayotokana na hapo huua. Naomba Makatibu mlitangaze jambo hili vijijini: chupa isitumike, wala mdomoni wala puani. Na ikumbukwe kwamba punda hawezi kupumua kwa mdomo kama sisi. Hewa yake yote hupita puani.

La tatu ni malazi. Tembe zetu ni nyumba za busara; huzuia upepo wa kipupwe na fisi pia. Lakini nilimfunga punda mgonjwa katika kona isiyo na dirisha, karibu na jiko, juu ya mkojo wa majuma mawili. Mtu akiinama pale usawa wa pua ya punda macho yake yatatoka machozi. Harufu ile kali ni amonia, nayo pamoja na moshi huchubua utando ule ule tunaotaka upone. Nilimhamishia uani, chini ya kibanda cha nyasi chenye ukuta upande mmoja tu unakotokea upepo, na mavi yakazolewa kila asubuhi. Nikimtaja daktari wake wa kwanza, nitataja hewa safi.

Chakula nacho kina maneno yake. Mabua ya mahindi na majani ya karanga yaliyolowa mvua kisha yakarundikwa hupata ukungu, na vumbi la ukungu ni sumu kwa mapafu mabovu. Yenye ukungu yatupwe. Yaliyo mazuri yanyunyizwe au yalowekwe maji muda mfupi kabla ya kulishwa, yasikae yakachacha. Tena awekewe chini, katika karai au juu ya gunia safi, asifungwe kamba fupi juu. Punda anapoinamisha kichwa makohozi hutiririka nje yenyewe. Akifungwa kichwa juu usiku kucha hurudi mapafuni.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo punda wengi wazee hupotea. Punda asipokula kwa siku mbili tatu, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta uliyohifadhi. Mafuta hujaa katika damu na kulielemea ini, na mnyama aliyekuwa akipona kifua anakufa kwa sababu nyingine kabisa. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa punda kuliko kwa farasi. Kwa hiyo punda mgonjwa aliyekataa kula asisubiriwe mpaka mnada ujao. Mtaalamu aitwe siku hiyo hiyo. Wangu alikuwa akitafuna kisha anadondosha madonge ya majani. Nilidhani ni ugonjwa wa kifua, kumbe meno yake ya nyuma yalikuwa yameota ncha zinazomkata ulimi na shavu. Mtaalamu alizisugua kwa tupa maalumu. Tangu hapo akala uji mzito wa pumba uliopoa, majani mabichi ya kando ya mto, na maji safi yaliyopashwa kidogo, kwa kuwa asubuhi za kipupwe hakutaka kuyagusa ya baridi.

Mtaalamu alimpima joto. Punda mzima aliyepumzika huwa na nyuzi kati ya 36.5 na 37.8, na hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika. Wangu alikuwa na nyuzi 39 na pumzi 44. Alichomwa sindano za antibaiotiki siku kadhaa mfululizo. Siku ya pili alichangamka, nami nikataka kubakiza dawa zilizosalia kwa ajili ya ng'ombe. Nilikatazwa, na nashukuru nilikatazwa. Jambo la kinyume chake nalo ni baya: dawa na vyakula vya ng'ombe au kuku visitumiwe kwa punda kwa kubahatisha. Monensini, inayotiwa katika baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe, huuharibu moyo wa punda na kumuua.

Lazima pia niseme ukweli usiopendeza. Si kila punda mzee atapona kabisa. Uchunguzi wa mapafu ya punda wazee waliokufa, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba theluthi moja hivi walikuwa na makovu mapafuni. Punda ni mvumilivu mno. Huficha maradhi hadi dakika ya mwisho. Huyu wangu atabaki na kikohozi kidogo, nami nimepunguza mzigo wake uwe kilo thelathini, asubuhi tu. Kamba ya shingoni iliyokuwa ikimbana koo nimeiondoa, navuta mkokoteni wa maji kwa mkanda mpana wa kifuani.

Sasa nifikie jambo lililonileta mbele ya kikao cha ushirika badala ya kuliacha kwa bwana mifugo. Tiba kubwa kuliko zote ilikuwa mapumziko ya majuma sita, na mapumziko ndiyo dawa pekee ambayo mkulima mdogo hawezi kuinunua. Magunia yangu kumi na manne yalikuwa shambani. Yaliokolewa na wanachama wenzangu watatu, ambao punda wao walinibebea kwa zamu, nami nikawalipa kwa siku za palizi. Bila hao ningemtwika mgonjwa, au ningemuuza. Na akiuzwa, kumpata mwingine si rahisi kama zamani. Biashara ya ngozi imepunguza punda katika nchi nyingi za Afrika, hata Umoja wa Afrika, mwezi Februari 2024, ukaafiki kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Napendekeza kila Chama cha Msingi kiandike katika daftari majina ya wanachama wenye punda walio tayari kubeba kwa zamu mzigo wa mwenzao ambaye punda wake ni mgonjwa, na siku zihesabiwe kwa haki. Kipimajoto kimoja kiwekwe kwa Katibu. Bei yake haizidi ya debe chache za mahindi. Mafua yakiingia kitongojini, Katibu atoe habari mapema, kila punda anyweshwe kwa ndoo yake, na wagonjwa wasipelekwe kisimani pamoja na wazima. Mwishoni mwa 2018 na mwaka 2019 mafua ya aina hii yalipita Afrika Magharibi na kuua maelfu ya punda nchini Niger, kwa hiyo tusiyaite mafua tu. Na sisi wa Wilaya ya Mpwapwa hatuna udhuru wa kukosa ushauri. Utafiti wa mifugo ulianza Mpwapwa tangu 1905, na chuo cha mifugo kipo.

Punda mwenyewe nimekuja naye. Amefungwa kamba ndefu kivulini, chini ya ule mkwaju. Wakati wa chai naomba Makatibu mje na saa zenu, msimame nyuma ya bega lake bila kumshtua, mtazame ubavu, mhesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Asubuhi hii, kabla hatujaanza safari, nilihesabu 22.