Kuzeeka na Virusi: Deni Letu kwa Wazee Wanaoishi na VVU Kisiwani Pemba



Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme machache juu ya jambo ambalo miaka thelathini iliyopita lisingekuwapo la kusema. Sisi tuliokuwa watoto shuleni katika miaka ya 1990 tulifundishwa habari za UKIMWI kwa picha ya fuvu la kichwa. Tulipofika seminari tulifundishwa namna ya kumwandaa mgonjwa afe vyema: kumsikiliza, kumpaka mafuta matakatifu, kuwafariji wafiwa. Hakuna somo hata moja lililotuambia kwamba mgonjwa huyo angeweza kufikisha miaka sitini na mitano, akaota mvi, akaumwa magoti na kulalamikia wajukuu wasiomsikia. Tulijiandaa kwa mazishi, wala hatukujiandaa kwa uzee wao.

Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure na Serikali bara na visiwani katika miaka ya 2004 na 2005. Hesabu yake ni nyepesi. Aliyeanza kumeza dawa wakati ule akiwa na miaka arobaini na mitano, naye akazimeza kwa uaminifu, leo ni mzee. Mwenyezi Mungu na ashukuriwe, pamoja na waganguzi na wauguzi waliosimama imara wakati wengine wetu tuliogopa hata kupokea kikombe cha chai mkononi mwa mgonjwa.

Tusimulie habari ya bibi mmoja. Hatutaji jina lake, wala wilaya yake, wala dini yake. Kisiwa ni kidogo, na sitara ya mtu ni amana. Bibi huyu ni mjane. Amekuwa akimeza dawa za VVU kwa miaka mingi, na virusi katika damu yake vimefifia hata havionekani katika kipimo. Kwa upande huo ni mzima. Lakini alipata kisukari, na kabla ya hapo shinikizo la damu. Kwa maradhi ya VVU huenda kliniki ya mbali na kwao, akipanda daladala alfajiri asionekane na majirani. Kwa kisukari huenda kituo kilicho karibu, na huko hajapata kusema hata siku moja kwamba ana VVU. Tulipomwuliza sababu, alijibu: “Padri, kule wananijua. Yule kijana anayeandika majina ni mtoto wa shoga yangu.”

Basi sikilizeni lililomfika. Dawa ya VVU inayotumiwa na watu wengi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, kilichochanganya dawa tatu, mojawapo ikiitwa dolutegraviri. Ni dawa njema sana, wala mtu asitoke hapa akaiacha. Lakini dolutegraviri huzidisha kiasi cha metiformini katika damu, nayo metiformini ndiyo dawa ya kisukari inayotolewa kwa wingi. Daktari anayejua kwamba mgonjwa anatumia zote mbili hupunguza kipimo cha metiformini na kuangalia figo. Asiyejua hutoa kipimo kizima. Bibi yetu alipata kipimo kizima. Akatapika, akaharisha, akadhoofika, akadhani ni UKIMWI umerudi. Akaacha dawa zote, za huku na za kule, kwa muda wa majuma kadhaa, mpaka mwanawe alipomkuta kitandani.

Nani alikosa hapo? Si yule mganguzi, maana hakuambiwa. Si bibi, maana aliogopa jambo la kuogopwa kweli. Tunasema kosa ni letu sote tulioifanya siri yake iwe ghali kuliko afya yake.

Kisiwani kwetu siri hii ni nzito kuliko bara, na sababu yake ni ya kushangaza kidogo. Zanzibar maambukizo ni machache: wenye VVU miongoni mwa watu wazima hawafikii asilimia 1. Ni neema. Lakini neema hiyo ina kivuli chake. Kule Kagera, katika miaka migumu, karibu kila ukoo ulikuwa na wa kumlilia, hata mwenye virusi hakuwa peke yake katika aibu. Huku Pemba mwenye VVU hujiona kama yu peke yake kisiwa kizima, na watu humwona kama aliyeleta kitu kutoka nje. Tumeyasikia maneno hayo barazani na bandarini, na (tuseme kweli) tumeyasikia hata kwenye ngazi za kanisa.

Kwa wazee aibu hiyo ni maradufu. Kijana akipatikana na VVU watu husema ni ujana. Mzee akipatikana nao huulizwa alikuwa akifanya nini na umri ule. Ndiyo maana wengi hawapimi. Jamii imekwisha kuamua kwamba mzee hana sababu ya kupima, na watafiti nao kwa muda mrefu hawakutusaidia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007–08 na ule wa 2011–12 ulipima watu wa miaka 15 hadi 49 tu. Aliyetimiza miaka hamsini alitoka kwenye daftari kana kwamba amekwisha kufa. Ni katika uchunguzi wa 2016–17 ndipo waliopita umri huo walipoingizwa katika hesabu. Watu wa haki na amani tunajua kwamba asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Tuseme sasa juu ya mwili wenyewe, kwa kuwa wengi wameuliza. Virusi, hata vikidhibitiwa, huuacha mwili katika hali ya kuchemka kidogo kidogo kwa ndani, na mchemko huo huchakaza mishipa ya damu. Kwa hiyo mwenye VVU yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi, yapata mara mbili ya mtu asiye navyo. Mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita ya mwenzake. Kina mama, kipimo chake ni cha muda mfupi, msikikwepe kwa haya. Tenofoviri, iliyomo katika kidonge hicho hicho cha kila siku, yaweza kudhoofisha figo na mifupa kwa baadhi ya watu, ndiyo maana hupaswa kupimwa damu mara kwa mara. Na wale walioanza zamani kwa stavudini, ambayo tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe, wengine wamebaki na ganzi na maumivu ya miguu hadi leo. Hayo si mashetani, wala si kurogwa. Tunalisema hili kwa heshima, tukijua tuko Pemba, ambako mtu akifa ganzi ya mguu huenda kwanza kwa mganga.

Ipo pia habari njema. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la watu 7,769 wenye VVU, wa umri wa miaka 40 hadi 75, katika nchi kadhaa, jirani zetu Uganda wakiwamo. Waliopewa dawa ya kupunguza mafuta katika damu walipungukiwa na hatari ya maradhi makubwa ya moyo kwa theluthi moja na zaidi. Maana yake uzee huu unatibika. Swali ni nani atakayeipata tiba.

Hapo ndipo haki inapoingia. Dawa za VVU ni bure, kwa sehemu kubwa kwa fedha za wageni. Mgonjwa anatuambia: kidonge cha virusi ninacho, cha presha nimeambiwa nikanunue. Je, ni halali mtu aokolewe na maradhi moja ili auawe na jingine kwa kukosa shilingi elfu chache? Tena amri ya Januari 2025 iliyosimamisha misaada ya nje ya Marekani ilitikisa huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika, ikatukumbusha kwamba chungu kinachopikwa kwa kuni za jirani hakina hakika ya kuiva.

Serikali ya Zanzibar inastahili sifa kwa Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016, ambayo kila mzee wa miaka 70 hupewa bila kuulizwa alifanya kazi gani. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa. Ila mwili uliobeba virusi kwa miaka ishirini huweza kuchoka kabla ya sabini. Mchuma karafuu mwenye miaka hamsini na minane, miguu ina ganzi, hawezi tena kupanda mkarafuu, naye kwa sheria bado ni kijana. Tungependa wakubwa walitafakari jambo hili.

Na sisi je? Tunaomba mambo ya karibu. Kwanza, asiwepo padri, katekista wala shehe atakayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu ya maombi. Kwa ndugu zetu wanaofunga Ramadhani, kidonge kimoja kwa siku chaweza kumezwa baada ya futari. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Pili, tumwombe kila mgonjwa aonyeshe kadi zake zote kwa kila anayemtibu, nasi tumfanyie wepesi kwa kufunga midomo yetu. Tatu, katika vituo vyetu na vya Serikali, mzee apimwe presha, sukari na virusi kwenye chumba kimoja, siku moja. Hapo hakuna atakayejua amefuata nini.

Yule bibi amerudia dawa zake. Kwa idhini yake mwenyewe daktari mmoja sasa anazijua zote, na kipimo kimepunguzwa. Kituo cha karibu bado hajakiambia.

Tunakomea hapo ili daktari mgeni wetu ajibu maswali. Karatasi na kalamu ziko mlangoni. Asiyetaka kuuliza mbele ya watu aandike bila jina, na swali lake litasomwa pamoja na mengine.