Sinema ya Dola Moja: Ilivyoinuka na Ilivyoanguka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nataka kuwaeleza habari za majumba ya sinema ya bei nafuu katika vitongoji vya miji ya Marekani. Yako mbali nasi, lakini habari zake zamhusu kila mtu alaye kwa jasho lake.

Baada ya vita vilivyokwisha 1945, Wamarekani wengi walihamia nje ya miji. Maduka yakawafuata, na sinema zikayafuata maduka. Mwaka 1963, huko Kansas City, bwana Stanley Durwood alifungua jumba lenye vyumba viwili vya sinema chini ya paa moja. Wengine wakaiga, vyumba vikawa sita, hata zaidi ya ishirini.

Majumba makubwa yalipofunguliwa, yale madogo yalikosa watu. Ndipo wenye nayo wakapata shauri: wangoje picha mpaka wakubwa wamekwisha kuionyesha, waikodi kwa bei ndogo, na mlangoni watoze dola moja. Mwaka 1990 tiketi ya kawaida ilipita dola 4. Basi mfagizi na mjane mwenye watoto waliweza kuingia. Faida ilitoka katika bisi na soda.

Ni nini kilichoyaangusha? Kwanza, yaliishi kwa ule muda ulio kati ya sinema kubwa na nyumbani. Ikaja video, kisha DVD mwaka 1997. Muda wa kungoja, uliokuwa kama miezi sita, ukapungua ukawa kama mitatu. Nani atoke usiku, na picha i karibu kufika kwake?

Pili, mashini. Kufikia mwaka 2014 makampuni ya picha yalikuwa yakiacha filamu za milimita 35 na kuleta picha za kompyuta. Mtambo mpya ulipata dola 60,000 au zaidi kwa chumba kimoja. Makampuni yaliwasaidia wenye sinema kulipa, lakini msaada ulihesabiwa hasa kwa picha mpya. Anayeonyesha zilizokwisha kuonyeshwa alipata haba. Wengi wakafunga. Waliobaki wakapigwa na maradhi ya Covid mwaka 2020, na wengine hawakufungua tena.

Sasa mtazameni mfanyi kazi. Zamani gurudumu moja la filamu lilikwisha kwa kiasi cha dakika 20, na fundi alisimama kati ya mashini mbili, moja ikimaliza aiwashe ya pili. Mafundi hao walikuwa na chama chao, IATSE, kilichoundwa 1893. Kisha likaja sahani kubwa la kulaza filamu nzima. Mtu mmoja akaweza kuangalia vyumba vingi. Mwisho ikaja kompyuta, na chumba cha fundi kikabaki kitupu. Kazi haikwenda siku moja. Ilikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua iliitwa maendeleo.

Ndugu zangu, sisemi tuzivunje mashini. Nasema tuulize mapema. Siku tajiri anapoagiza mtambo, ndiyo siku ya kukaa naye mezani: nani atafundishwa kuuendesha, nani atapunguzwa, na atalipwa nini kwa miaka aliyotumika? Mtambo ukiisha kufungwa ukutani, hakuna tena la kupatana. Haya yaandikwe katika mapatano, yatiwe sahihi, na kila mwanachama ayajue.