Heshima Haimo Ndani ya Chupa



Maneno yangu ni machache, nayo yahusu matangazo ya mafuta ya kujichubua.

Katika miaka ya 1960 magazeti yalitangaza Ambi kwa picha za mabibi weupe wa uso, wamevaa vizuri kama watu waliofaulu. Maana yake: mweusi ni wa kubeba mtungi, mweupe ni wa kuketi ofisini. Tanzania, Vijana wa TANU waliyakataza mafuta hayo katika Operesheni Vijana ya mwaka 1968. Lakini walioandamwa barabarani ni wanawake. Hapa Kenya, mwaka 1998, Shirika la Viwango lilikataza mafuta na sabuni zenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo. Hata hivyo kujichubua hakujaisha.

Kwa nini? Mwanamke atokaye hapa Kawangware alfajiri kwa miguu, kwenda kufua nguo za watu Lavington, alipwa kidogo. Kisha tangazo lamwambia ya kwamba rangi yake ndiyo umaskini wake. Tajiri ampunja, na mwenye mafuta atwaa kilichobaki.

Basi wanaume, tuache kusifu mabinti kwa weupe, maana ndivyo tunavyowapigia debe wauzaji bila malipo. Na chama kidai mshahara wa haki kwa wafanyakazi wa nyumbani. Heshima ya mwanamke itatoka huko, si katika chupa.