Mdudu Haombi Pasi: Kazi ya Kulinda Misitu
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Waliotangulia kusema ni daktari na mhandisi, na kazi zao mnazijua. Mimi ni mtumishi wa serikali ninayepambana na wadudu na magonjwa ya miti. Wengi hudhani miti hujiotea tu. Sivyo.

Msindano uitwao Pinus radiata ulipandwa sana Afrika Mashariki, kisha ukungu ukashambulia majani yake hata ilipofika miaka ya 1960 upandaji wake ukaachwa, na Pinus patula ikachukua nafasi. Mwaka 1986 kidukari wa misaiprasi alionekana Malawi. Mwaka 1988 alikuwa Tanzania, na mwaka 1990 Kenya. Mdudu huyu hufyonza utomvu, na matawi hukauka. Hakuchagua miti ya kigeni peke yake. Alishambulia pia mtarakwa wetu wa asili. Ndugu zangu, mdudu haombi pasi mpakani.

Mtauliza, kwa nini tusipulize dawa? Msitu ni mkubwa na miti ni mirefu. Gharama haibebeki, na sumu huua nyuki na kuingia mitoni. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 nyigu mdogo aliletwa kutoka Ulaya. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kutoka ndani. Lakini kabla ya kumleta mgeni wa namna hiyo, lazima wataalamu wahakikishe kwamba hatageukia viumbe wengine. Hiyo ndiyo sayansi tunayofanya.

Siku za kazi nyingi ni za kutembea. Tunakagua mashamba na vitalu, tunakata matawi, tunahifadhi wadudu katika spiriti, tunarudi maabara kuwatambua, kisha tunaandika taarifa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ndio tunaotafuta nyufa.

Ugumu wa kazi hauko porini, uko kwa watu. Mikaratusi ina nyigu wake, aliyegunduliwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2002. Hafiki milimita 2, lakini hutia vinundu katika majani na vichipukizi, na mche mchanga hudumaa. Niliwahi kufika katika kitalu cha kikundi cha akina mama, mvua zikiwa karibu, nikakuta miche yao imejaa vinundu. Wanunuzi walikuwa vijiji vinne. Nilirudia uchunguzi mara mbili, kisha nikawaambia wasiuze hata mmoja, wauchome wote. Mwenyekiti wao aliniuliza, "Mwanangu, na ada za watoto atalipa nani?" Sikuwa na fungu la fidia. Nilikaa nao mpaka jioni nikiwaonyesha mdudu kwa lenzi, kila mmoja kwa zamu yake. Walichoma. Msimu ule hawakupata kitu, lakini vijiji vile vinne havikupelekewa ugonjwa.

Vijana, nawaambieni hili ili mjue kwamba neno la mtaalamu linaweza kumkosesha mtu mkate wake. Ndiyo maana lazima liwe la kweli. Anayekariri biolojia kwa ajili ya mtihani tu hawezi kusimama mbele ya mama yule.

Mwenye nia ashike biolojia, kemia na jiografia. Astashahada na stashahada zipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha; shahada ipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, iliyoanzishwa mwaka 1980, nayo inahitaji vijana. Utajiri siwaahidi. Viatu vitaisha upesi.

Tukitoka hapa, tazameni miti inayozunguka uwanja wetu. Mkiona tawi limekauka bila sababu, msilipite. Ulizeni kwa nini. Kazi yangu huanza na swali hilo.