Padri Beda, Mwandishi wa Historia ya Eklezya
(Maneno yaliyosemwa katika sikukuu ya jubilei)



Tumeombwa kusema machache juu ya historia katika siku hii ya shangwe. Tumeona vema tusianze kwa kujisifu, bali tumtazame mtu aliyetutangulia katika kazi hiyo: Mtakatifu Beda, padri na mmonaki wa Uingereza, ambaye Papa Leo XIII alimtangaza Mwalimu wa Eklezya mwaka 1899.

Beda alizaliwa karibu mwaka 673, upande wa kaskazini wa nchi ile. Alipokuwa na miaka saba, jamaa zake walimtia mikononi mwa abate Benedict Biscop katika monasteri ya Wearmouth. Kisha akalelewa na abate Ceolfrith huko Jarrow. Akawa shemasi mwenye miaka 19, na padri mwenye miaka 30. Siku zake zote zilikuwa za kusali, kufundisha na kuandika, wala hakutoka monasterini ila kwa safari chache. Basi, alijuaje mambo ya nchi nzima? Kwanza, Benedict Biscop alikuwa amekwenda Roma mara nyingi na kurudi na vitabu vingi. Pili, Beda mwenyewe hakuchoka kuuliza.

Katika kitabu chake kikubwa cha historia ya Eklezya ya Waingereza, alichokimaliza mwaka 731, jambo la kwanza alilofanya ni kuwataja waliompasha habari. Abate Albinus wa Canterbury alimpelekea mapokeo ya kusini. Padri Nothelm wa London alifika mpaka Roma, akatafuta katika maandiko yaliyowekwa na Mapapa, akaleta nakala za barua zao. Wamonaki wa Lastingham nao walimsimulia waliyoyajua. Tena Beda alihesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Bwana wetu. Hesabu hiyo haikuanza naye, lakini ilienea sana kwa ajili ya vitabu vyake, nasi hata leo twaandika miaka yetu namna hiyo.

Alipenda pia ukweli. Askofu Aidan, aliyetoka kisiwa cha Iona kuwahubiri watu wa kaskazini, hakufuata hesabu ya Roma kwa sikukuu ya Pasaka. Machoni pa Beda kosa hilo halikuwa dogo, naye alilikemea wazi. Lakini katika kitabu kilekile alimsifu Aidan kwa upole wake, kwa kuwapenda maskini, na kwa kuwatembelea watu kwa miguu. Hakuficha kosa kwa sababu ya wema, wala hakufuta wema kwa sababu ya kosa.

Wapenzi, hapo ndipo penye ugumu kwetu. Tangu tulipoanza kukusanya habari za kitabu cha parokia, wengine wametuomba tuandike jina la babu yao peke yake, kana kwamba misioni hii ilijengwa na mtu mmoja. Wengine wametuomba tunyamaze juu ya magomvi ya zamani. Twawajibu kwa mfano wa Beda: aliyefyatua matofali atatajwa pamoja na aliyehubiri, nayo magomvi tutayasema kwa haki, tusimtukane mtu aliyekwisha kufa.

Tena elimu ya Beda haikumtenga na watu wadogo. Mwaka 734 alimwandikia Askofu Egbert wa York, akisikitika kwamba vijiji vya milimani havijaona askofu miaka mingi, ingawa vyatozwa kodi kama vingine. Akamsihi aongeze mapadri, na wasiojua Kilatini wafundishwe Nasadiki na Baba Yetu kwa lugha yao wenyewe. Yeye alikuwa amekwisha kuwatafsiria mapadri wengi sala hizo.

Mwezi wa tano mwaka 735, akiwa mgonjwa sana, alikuwa bado akitafsiri Injili ya Yohana kwa lugha ya kwao. Aliwagawia mapadri wenzake vitu vyake vichache: pilipili, vitambaa na ubani. Kijana Wilberht alipomkumbusha kwamba sentensi moja imebaki, aliisema mpaka mwisho. Kisha, akiwa ameketi chini katika chumba chake, aliimba Atukuzwe Baba, akakata roho.

Nasi katika nchi yetu hatukukosa waandishi. Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, yaani Kirungu, alikuwa bado mseminari maandiko yake juu ya mawazo ya watu wake yalipotolewa, miaka 1910 na 1911.

Basi tunawaomba mambo matatu. Wenye wazee waliobatizwa siku za kwanza wawapeleke vijana kwao kuandika, maana kila mazishi yanatupunguzia mashahidi. Wenye picha, barua na kadi za ubatizo wazilete kwa paroko ili zinakiliwe, kisha zirudishwe kwao. Na kila asimuliaye aseme kama jambo aliliona mwenyewe au alilisikia kwa mwingine.

Tukifanya hivyo, watoto wetu watajua ni nani waliowaletea imani, nao watamshukuru Mungu kwa majina yao. Mtakatifu Beda atuombee.