Haki ya Mnunuzi Asiyerudi



Tumetakiwa tuseme machache juu ya nafsi na haki. Sisi hatukupata kusoma katika skuli kubwa. Elimu yetu ni ya chuoni, mbele ya maalim, na iliyobaki tumeipata nyuma ya meza ya duka. Lakini jambo hili halimtaki mtu awe na shahada. Kila apimaye mchele hulikabili tangu asubuhi hata usiku. Swali lenyewe ni hili: je, mtu hutenda haki kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa yamfaa? Na ikiwa ni kwa kuwa yamfaa, itakuwaje siku isipomfaa?

Wako wasemao kwamba manufaa ya nafsi yatosha. Hao humtaja sana Adam Smith, mtu wa Uskoti, aliyeandika katika kitabu chake cha mwaka 1776 kwamba muuza nyama na mwoka mikate hawatupatii chakula kwa huruma, bali kwa kutafuta faida yao. Maneno hayo ni kweli, nasi hatuyaonei haya. Hatufungui duka alfajiri kwa kuwahurumia majirani. Twafungua kwa kuwa tuna watoto. Wala si dhambi. Lakini wamtajao Smith kwa kitabu hicho husahau kwamba mwaka 1759 alikwisha kutoa kitabu kingine, juu ya hisia za maadili. Humo alieleza kwamba mtu, hata akiwa mwenye kujipenda namna gani, ana tabia ndani yake inayomfanya aguswe na hali za wenziwe. Tena kwamba yatupasa tuyapime matendo yetu kama atakavyoyapima mtazamaji asiye na upande.

Baadaye, mwaka 1785, Mjerumani Immanuel Kant, mtoto wa mtengenezaji wa hatamu za farasi katika mji wa Königsberg, ambao leo waitwa Kaliningrad na umo katika Urusi, alipiga mfano wa mtu wa kazi yetu. Alimtaja mwenye duka auzaye kwa bei moja kwa wote, hata mtoto akija hapunjwi. Kisha akauliza: amefanya hivyo kwa sababu gani? Yamkini ni kwa kuwa biashara yataka sifa njema, na mpunjaji akijulikana wateja humkimbia. Tendo lake limewafikiana na wajibu, lakini hatuna dalili ya kuwa limetoka katika wajibu. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba amali hutazamwa kwa nia, hatupati tabu kuufahamu mfano huu.

Natuseme kweli, ndugu zetu. Jioni moja mtoto wa jirani alikuja kununua sukari, akaondoka akaisahau chenji yake juu ya meza. Hata magharibi haijaingia tulikwisha kuipeleka kwao. Mama yake akatuombea dua, na mtaa mzima ukapata khabari. Wiki hiyohiyo akaja msafiri, mgeni kabisa, akanunua mikate na maji, akatoa noti, akakimbilia gatini kwa kuwa chombo kilikuwa tayari kuondoka. Chenji yake ilikuwa kubwa kuliko ya yule mtoto, na kutoka dukani hata gatini si mwendo wa kumchosha mtu. Hatukwenda. Tulijiambia kwamba duka halina mtu wa kuliangalia, kwamba chombo labda kimekwisha kuondoka, kwamba akiitaka atarudi. Nafsi ni wakili hodari, haikosi hoja. Pesa zile baadaye tulizitoa sadaka, lakini sadaka ya mali ya mtu haimlipi mwenye mali.

Basi tukajiuliza: lile la mtoto lilikuwa wema, au lilikuwa biashara? Mtoto yule ana mama, na mama ana majirani. Msafiri hakuwa na kitu cha kutudhuru nacho. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba manufaa ya nafsi humfanya mtu mwaminifu kwa wale tu wawezao kumtia khasara. Kwa mgeni, kwa yatima, kwa mzee asiyejua hisabu, kwa mwenye deni asiyeweza kuhamia duka jingine, ulinzi huo haupo. Nao ndio waihitajio haki zaidi.

Dawa ni nini? Wengine husema, watu wawe wema. Ni kweli, lakini nchi haiwezi kungoja mpaka kila mwenye duka awe walii. Ndiyo sababu mawe ya mizani hupigwa muhuri, ili mnunuzi asiitegemee tabia ya muuzaji. Wala sheria peke yake haitoshi, kwani mkaguzi hawezi kusimama katika kila duka kila saa. Yatakiwa yote mawili, sheria na moyo.

Na sheria yenyewe itungwe vipi? Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya nadharia ya haki, alionesha njia. Alitaka tufikirie kwamba tumekaa nyuma ya pazia kuzitunga kanuni, na hapana hata mmoja wetu ajuaye kama akitoka hapo atakuwa tajiri au maskini, mwenye nguvu au dhaifu. Hapo hata mwenye kujipenda ataitunga sheria ya insafu, kwa kuwa huyo dhaifu huenda akawa ni yeye mwenyewe. Sisi wenye maduka twafahamu hivi: tengeneza mizani kabla hujajua utasimama upande gani wa meza. Na Sura ya 83 ya Kurani, iitwayo kwa jina la wapunjaji, yamkaripia yule atakaye kipimo kijae akipokea, na akitoa akakipunguza. Mtu huyo twamjua, kwani sote asubuhi twanunua kwa jumla na mchana twauza rejareja.

Ndugu wanachama, tusidhani maneno haya ni ya wenye maduka tu. Sisi ni watu wa upinzani. Kudai haki ni jambo jepesi kwetu, kwa kuwa haki na faida yetu zimepanda chombo kimoja. Hilo si la kujifakharisha. Siku tutakapokabidhiwa mizani, na aliye mbele yetu ni mtu asiyetupa kura wala hana pa kutushitakia, ndipo itakapojulikana kama tulikuwa twaipenda haki au twajipenda wenyewe. Tusiingoje siku hiyo. Tuanze na msaada mdogo tunaogawana katika matawi yetu: je, asiyehudhuria mikutano hupata sawa na ahudhuriaye?

Ama sisi, tangu siku ile tumeweka kopo juu ya rafu kwa chenji za watu, na kijana wetu ameamrishwa kukimbia hata gatini. Mara mbili amemkuta mwenyewe. Mmoja alizichukua pesa zake asiseme hata ahsante. Twaona hakukosa: zilikuwa zake.

Wabillahi tawfiq.