Afya ya Watu ni Amana, na Ushahidi ni Mizani Yake

Shukrani zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa binadamu akili ya kupambanua lenye nafuu na lenye madhara. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Mazungumzo yetu ya leo yahusu amana mojawapo iliyo nzito mikononi mwa watawala, nayo ni afya ya watu. Swali letu ni hili: mwenye madaraka akiletewa ushahidi wa wataalamu, je, ana hiari ya kuukubali au kuutupa kama nafsi yake ipendavyo, au yafaa sheria imfunge?

Karibu na mwaka 639 wa Miladi, Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi, alisafiri kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba tauni imeingia nchini humo. Umar alikuwa Khalifa na neno lake lilikuwa amri, lakini hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kwamba arejee. Hata hapo Abu Ubayda alimpinga waziwazi, na Khalifa akamsikiliza na kumjibu kwa hoja. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf na elimu aliyoipata kwa Mtume, kwamba watu wasiingie katika nchi yenye tauni wala wasiikimbie wakiwa ndani yake. Umar akamshukuru Mola wake, akarudi. Basi tazameni: cheo hakikumpa ujuzi, bali kilimpa wajibu wa kuutafuta.

Sasa tuje katika zama zetu. Mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kampala, nchini Uganda. Mama mwenye virusi vya UKIMWI alipewa kidonge kimoja cha dawa iitwayo nevirapini aliposhikwa na uchungu, na mtoto akapewa kipimo kidogo ndani ya siku tatu baada ya kuzaliwa. Watoto walioambukizwa walikuwa karibu nusu tu ya wale ambao mama zao walipewa dawa nyingine ya wakati ule.

Katika Afrika ya Kusini dawa hiyo iliandikishwa kwa kazi hiyo mwaka 2001, na watengenezaji walikuwa wamekwisha ahidi kuitoa bure kwa miaka mitano. Lakini Rais Thabo Mbeki alikuwa ametangaza mashaka yake juu ya chanzo cha UKIMWI, ingawa mwaka 2000 wanasayansi zaidi ya 5,000 walitia saini tamko la kwamba chanzo ni virusi. Serikali yake ikaamuru dawa itolewe katika vituo viwili tu kwa kila jimbo. Mwenye fedha aliipata kwa daktari wa binafsi. Maskini aliyejifungua katika hospitali ya serikali iliyo nje ya vituo hivyo, daktari wake alikatazwa kumpa.

Raia wakaenda mahakamani, wakiongozwa na chama cha Treatment Action Campaign. Serikali ilitoa hoja zake: usalama wa dawa haujathibitika vya kutosha, virusi vitazoea dawa, na wauguzi wenye mafunzo ni wachache. Hizo si hoja za kudharauliwa. Mahakama ya Katiba ilizipima moja baada ya moja kwa ushahidi uliokuwapo, na tarehe 5 Julai 2002 ikaamua kwamba hazitoshi kumzuilia mtoto kinga yake, kwa sababu katiba yaitaka serikali ichukue hatua zinazokubalika na akili. Lakini muda ulikuwa umekwisha pita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ukaidi na ucheleweshaji wa dawa za UKIMWI, baina ya mwaka 2000 na 2005, uligharimu roho za watu zaidi ya 330,000, na kwamba watoto 35,000 walizaliwa na maambukizo yaliyoweza kuzuiwa.

Ndugu zangu, yako mafunzo mawili hapa. La kwanza, elimu husonga mbele. Baadaye ilionekana kwamba kidonge kile kimoja huacha virusi sugu kwa baadhi ya akina mama, na leo mama mjamzito mwenye virusi hupewa dawa za pamoja kwa maisha yake yote. Kwa hiyo sheria njema haitaji dawa moja na kuifanya ya milele. Huweka njia: mwenye kuamua auone ushahidi, autangaze, aeleze kwa maandishi sababu za kuukubali au kuukataa, na aurudie kila elimu mpya inapopatikana. Tena mtaalamu naye aeleze ni nani amlipaye.

La pili, kujenga nyumba ya utafiti hakutoshi. Bunge la Tanzania liliianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa sheria ya mwaka 1979, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kisima hakimnyweshi asiyeteremsha ndoo. Na utafiti ukibaki kabatini haumponyi mgonjwa.

Nasi wasikilizaji tusijitoe katika lawama. Mwenye elimu asiifiche kwa hofu wala kwa tamaa. Asiye na elimu asieneze uvumi wa dawa barazani kisha akauita ushahidi. Na anayepiga kura amwulize mgombea kuhusu zahanati na chanjo, na amdai sababu za majibu yake.

Ewe Mola wetu, waongoze wenye kutuamulia, wape unyenyekevu wa kuuliza na ushujaa wa kurejea katika haki. Waponye wagonjwa wetu, wahifadhi watoto wetu, na warehemu waliotangulia. Amin.